MOTO WA SEBULENI KWA BIBI: TUUZIME AU TUUACHE?

KAMA hujawahi kulala Madaba mwezi wa Julai, basi baridi wewe unaisikia kwenye bomba tu. Unashuka kwenye basi la Songea usiku, umevaa kishati chako cha mikono mifupi ulichotoka nacho Dar, na kabla hujamdai konda begi lako meno yanaanza kugongana yenyewe. Ukiongea unatoa moshi mdomoni kama mvuta sigara. Watoto wa hapo wanakutazama wanacheka: "Huyo katoka pwani huyo!"

Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini nyumba ya bibi yangu mzaa mama ina kitu ambacho nyumba nyingi za Bongo hazina. Ina meko ya kuota moto, imejengwa ndani kabisa ya ukuta wa sebule, na bomba lake la moshi la matofali ya kuchoma limechomoza juu ya paa. Aliyeijenga ni marehemu babu. Alikuwa fundi mwashi, na enzi za ujana wake aliwahi kufanya kazi kwenye majengo ya misheni. Huko akaona mapadri wanavyoota moto ndani ya nyumba bila kutokwa machozi, akasema na mimi mke wangu atakaa hivyo hivyo. Akatimiza.

Sasa wapenzi wasomaji, meko hiyo ndiyo iliyotaka kuvunja ukoo wetu. Upande mmoja wanasema ibomolewe, iwekwe hita ya umeme kama watu wastaarabu. Upande mwingine wanasema atakayegusa tofali la babu atakiona cha mtema kuni. Katikati nilikuwepo mimi, na mimi nilikuwa na sababu zangu. Moto wa sebuleni nusura unizike, ila haukuwa ule wa meko ya babu.

TULIVYOIPENDEZESHA NYUMBA

Mambo yalianza 2022. Sisi wajukuu tulioko mjini tulikutana kijiweni, tukaona aibu. Bibi alitulea wote, halafu anakaa kwenye nyumba yenye madirisha ya mbao yaliyopinda, bati linaonekana kwa ndani, na mlango ambao paka anapita chini yake bila kuinama? Haiwezekani. Tukachanga mshiko. Wa Makambako akatoa, wa Songea akatoa, mimi wa Dar nikajikamua, nikakosa hata nauli ya daladala wiki nzima.

Kazi ikafanyika, na kusema kweli ilikuwa bomba. Madirisha ya alumini ya kusukuma, vioo kila mahali. Dari ya jipsamu nyeupe peee. Vigae sakafuni. Mlango mpya wenye mpira pembeni, ukifungwa hata upepo wa Julai unabaki nje unapiga miluzi. Bibi akapiga vigelegele, majirani wakaja kushangaa. Mjomba akatamba: "Sasa hii nyumba hata ukiihamishia Mbezi, hakuna atakayeuliza."

Ila meko ya babu haikufurahi. Baridi ya kwanza ilipoingia, bibi akawasha moto kama alivyouwasha miaka yote. Moshi, badala ya kupanda bombani, ukageuka ukaingia sebuleni. Ukazunguka kwenye ile dari nyeupe, ukachora ramani. Bibi akakohoa usiku kucha. Kesho yake vile vile, keshokutwa vile vile.

Mjomba akatoa hukumu kwa simu: "Meko imezeeka hiyo, mama. Ipumzishe. Nitakuletea jiko la mkaa, halina moshi."

Naomba neno hilo ulishike vizuri: halina moshi.

USIKU WA JULAI

Julai 2024 nikaenda kumjulia hali bibi, mimi na binamu yangu wa Makambako. Tulifika jioni, bibi akatupokea kwa utani wake wa siku zote. "Kamwene, mume wangu! Umekonda hivyo, huko mjini mnakula moshi wa magari?" Tukala ugali na maharage, tukapiga stori mpaka saa nne. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya sebule, makaa mekundu, joto safi, hakuna jicho linalowasha. Nikajisemea moyoni kwamba mjomba ana akili.

Bibi akaingia chumbani kwake. Sisi tukatandika godoro pale pale sebuleni. Binamu akauliza, "Tulitoe nje hili jiko?" Mimi, mtoto wa mjini, nikamjibu, "Acha bwana, si tutakufa na baridi?" Tukafunga dirisha, tukasukuma mlango ule wenye mpira, tukalala.

Kilichotuokoa ni kibofu cha bibi. Kama saa tisa usiku aliamka kwenda uani, akapita sebuleni akafungua mlango wa nje, upepo ukaingia. Aliporudi akanikuta nimekaa kwenye godoro, nimeshika kichwa kwa mikono miwili. Kichwa kilikuwa kinapasuka. Nikitaka kusimama, nyumba inazunguka. Nikamwamsha binamu, haamki. Bibi akamtikisa, akamwagia maji, ndipo akafumbua macho, akatapika. Miguu yake ilikuwa imelegea kama ugali uliokosa unga.

Sasa hapo kila mtu akawa daktari. Mmoja akasema malaria imempanda kichwani. Jirani akasema hawa vijana walipita kilabuni. Mwingine akaanza kunong'ona kwamba nyumba nzuri inaleta wivu, na wivu unaleta mambo. Tungebaki hapo mpaka asubuhi tunamtafuta mchawi.

Akatokea mama mmoja wa jirani, muuguzi mstaafu. Hakushika hata mkono wa mgonjwa. Aliangalia dirisha, akaangalia jiko, akauliza swali moja tu: "Mlilala na hilo ndani?"

Tukajibu ndiyo.

"Basi mshukuruni Mungu na mkojo wa bibi yenu. Mtoeni nje huyo kijana apate hewa, halafu hospitali haraka."

Binamu alipelekwa, akawekewa oksijeni, akarudi hai. Mimi kichwa kiliuma siku mbili. Bibi, aliyekuwa amefunga mlango wa chumba chake, hakupatwa na kitu. Ningependa kusema niliwaza mambo makubwa siku ile. Niliwaza moja tu, kwamba ile sentensi ya "acha bwana" niliitamka mimi.

ABIRIA ASIYESHUKA

Nilimuuliza yule mama, imekuwaje jiko lisilo na moshi litake kutuua, wakati bibi amekaa na moshi wa kuni miaka yote? Akanieleza, na mimi nakueleza wewe.

Mkaa ukiungua mahali ambapo hewa ni haba, unatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta, inaingia mapafuni na kukimbilia himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza kuishika.

Chukulia damu yako ni daladala. Oksijeni ndiyo abiria wa kila siku, anapanda mapafuni, anashuka kwenye ubongo, anashuka kwenye moyo, konda anapakia tena. Sasa amepanda huyu abiria mwingine. Amekaa kwenye kiti, hashuki kituo hiki wala kile. Wanapanda wenzake, viti vinajaa. Oksijeni inabaki kituoni inapunga mkono. Daladala linatembea, limejaa, lakini huko ubongoni hakuna anayeshuka. Kwanza unaumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, halafu usingizi mtamu. Huo usingizi mtamu ndio wenye noma, maana aliyelala hawezi kujua kwamba anaumwa.

Wahenga walisema panapofuka moshi pana moto. Hawakusema pasipofuka moshi hapana sumu! Moshi wa kuni ni mbaya, lakini una adabu: unabisha hodi. Unakuwasha macho, unakukohoza, unakulazimisha ufungue dirisha. Hewa ya mkaa inaingia bila hodi.

Usidhani lakini kwamba nausifia moshi wa kuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 peke yake, moshi na hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, mkaa, mafuta ya taa na vitu kama hivyo, ulichangia vifo milioni 3.2 duniani, na kati yao zaidi ya 237,000 ni watoto wa chini ya miaka 5. Kwa hiyo bibi kukohoa usiku kucha halikuwa jambo la kupuuza hata kidogo. Ndiyo maana kikao cha ukoo kilibidi kiitwe.

KIKAO CHA UKOO

Tulikaa Agosti, mjomba mwenyewe akiwa mwenyekiti. Alikuja mpole, maana lile jiko la mkaa ni yeye aliyelileta. Ajenda ilikuwa moja: meko ya sebuleni, ibomolewe au ibaki?

Hoja ya kwanza ilikuwa hita ya umeme. Aliyeileta ni dada yangu, sista duu wa kisasa kabisa. "Umeme upo, tunahangaika na kuni za nini?" Na kweli, umeme upo. Ule msongo mkubwa wa kilovolti 220 unaotoka Makambako kwenda Songea, uliokamilika 2018, una kituo chake cha kupozea umeme hapo hapo Madaba. Kabla ya hapo Songea ilikuwa inaendeshwa na majenereta ya mafuta. Kwa hiyo dada hakuwa anaota ndoto.

Nikachukua kalamu. Hita ya kawaida ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kwa saa. Bibi anaota moto kuanzia saa moja jioni mpaka saa tano usiku, saa nne. Hizo ni yuniti 8 kwa siku, 240 kwa mwezi. Sasa bibi yuko kwenye lile kundi la watumiaji wadogo. Kwa bei zilizoanza 2016, kundi hilo linalipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo, mradi usizidi yuniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, kila yuniti ya juu yake ni shilingi 350.

Yuniti 75 kwa hita hiyo zinaisha siku ya kumi. Piga hesabu: 75 za kwanza ni shilingi 7,500. Zinazobaki 165 ni shilingi 57,750. Jumla shilingi 65,250, kodi bado, taa bado, runinga bado, friji bado. Tena hiyo ni Julai moja. Kikao kikawa kimya. Dada akaniangalia kwa jicho la "nani kakutuma". Hakuna aliyebisha kwamba hita ni safi. Ila bibi akatoa kauli iliyomaliza mjadala: "Nitaizima mkiondoka, maana nitakuwa naona hela inaungua."

Hapo ndugu zangu kuna somo. Ukimnunulia mzee kitu ambacho ataogopa kukiwasha, umenunulia picha za kupiga na simu. Yeye umemwacha kwenye baridi.

Hoja ya pili ilikuwa hita ya gesi, zile za mtungi zinazosukumwa kwa magurudumu. Aliyeileta ni shemeji yangu. Kwa kupikia, bibi tayari ana mtungi wa gesi, na serikali nayo inasukuma huko huko. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Lakini jina la mkakati lenyewe linasema: kupikia. Mkoa wenye baridi unapika saa mbili na kuota moto saa nne. Na hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea hewa nje inakula hewa ya chumba kile kile mnachovuta nyinyi. Ukiifungia ndani ya ile alumini yetu, hewa ikipungua, gesi nayo haiungui vizuri, na yule abiria asiyeshuka anarudi kwa mlango mwingine. Binamu wa Makambako aliposikia hivyo alisimama akatoka nje kuvuta hewa. Hatukumcheka.

Hoja ya tatu, kurudi kwenye jiko la mkaa ila dirisha liwe wazi kidogo, haikupata hata mtu wa kuiunga mkono. Usingizi ni mtamu, baridi ni kali, na saa nane usiku mtu atalifunga hilo dirisha bila kufikiri. Mimi ni shahidi.

FUNDI NA KIBERITI

Ilibaki meko. Mjomba akasema, "Lakini meko ni mbovu, si mliona inavyorudisha moshi?" Tukamwita fundi mwashi, mzee mtu mzima ambaye ujanani alimbebea babu udongo. Tulitegemea atatuambia bomba limeziba, au atatuomba saruji mifuko kumi kama mafundi wenu wa Dar.

Mzee yule akaomba vipande viwili vya mbao na kiberiti. Akawasha. Moshi ukarudi ndani, tukaanza kukohoa. Mjomba akasema, "Si unaona?" Mzee hakujibu. Akaenda kwenye dirisha, akasukuma kioo upana wa kiganja kimoja. Akarudi akakaa. Moshi ukasitasita, ukajikunja, halafu ukapanda bombani kama mtu aliyeitwa jina. Akafunga dirisha, ukarudi. Akafungua, ukapanda.

"Meko haina ugonjwa," akasema. "Nyinyi ndio mmeiziba pua."

Nilijisikia mjinga, na nadhani sikuwa peke yangu. Bomba la moshi haliwezi kutoa hewa juu kama chini hakuna hewa inayoingia. Babu aliijenga meko yake kwenye nyumba yenye madirisha ya mbao yaliyopinda, bati lisilo na dari, na mlango wenye mwanya wa paka. Ile mianya tuliyoionea aibu ndiyo iliyokuwa pumzi ya moto. Tukaja sisi na alumini, jipsamu na mpira, tukaziba kila kitu, halafu tukaulaumu moto kwamba umezeeka. Moto ni ule ule. Nyumba ndiyo iliyobadilika, na hakuna aliyeuliza moto utapumulia wapi.

Hata wakubwa waliwahi kukosea jambo la jamii hii. Desemba 1952, London ilifunikwa na ukungu mzito wa moshi kwa siku tano. Sehemu kubwa ya moshi ule ilitoka kwenye meko za sebuleni, watu wanaota moto wa makaa ya mawe, pamoja na viwanda na vituo vya umeme. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo wapatao 4,000, na wataalamu wa baadaye wakafikisha hadi 12,000. Mwaka 1956 Uingereza ikatunga sheria ya hewa safi, na wenye nyumba wakasaidiwa gharama za kubadilisha meko zao. Wengi wakaingia kwenye gesi na umeme, hewa ya mji ikatakata. Lakini ndani ya nyumba fundisho likaendelea, maana moto wa gesi nao ukizibiwa bomba unaua, tena bila moshi wa kukushtua.

TULICHOAMUA

Basi bwana, kikao kikafikia uamuzi. Meko ya babu inabaki, ila kwa masharti.

Kwanza, fundi alitoboa tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na meko, akaweka wavu wa chuma kuzuia panya. Upepo unaoingia pale unakwenda moja kwa moja motoni, hautembei miguuni mwa watu. Halifungwi, haliwekewi kitambaa, hata kama baridi imetoka kuzimu.

Pili, bomba lilisafishwa. Fundi alifunga tawi la miiba kwenye kamba, akalipitisha juu mpaka chini mara kadhaa, yakashuka masizi ya kujaza debe. Nyufa zikazibwa. Kazi hiyo sasa inafanywa kila mwaka kabla ya Juni. Masizi yakijaa bombani, yanaweza kushika moto yenyewe.

Tatu ni kuni. Huku kwetu misitu ya kupandwa ipo, Wino hapo kuna mashamba ya misonobari, na mabanzi ya mashine za mbao hayakosi. Shida ni kwamba watu wanachoma mabanzi mabichi, yana maji na utomvu, moshi tele na joto dogo. Sasa yanapangwa chini ya kibanda miezi kadhaa mpaka yakauke. Ukigonganisha mawili lazima yalie kama mawe. Yakitoa sauti ya mto wa kulalia, yarudishe.

Nne, moto ulale kabla ya watu. Bibi akienda kulala anaondoka na chupa ya maji ya moto ya kuweka kitandani, joto linamtosha mpaka asubuhi. Na ule umeme wa dada haukutupwa, ndio unaochemsha hayo maji, dakika chache tu kwa birika.

Tano, jiko la mkaa likatolewa ndani. Liko nje, linachoma mahindi, na hiyo kazi linaijua.

Sitakudanganya kwamba tumemaliza. Meko ya wazi ina ulafi, sehemu kubwa ya joto inapaa na moshi. Jiko la chuma lenye mlango, lililounganishwa na bomba lile lile, lingetoa joto zaidi kwa kuni chache, na fundi wa kuchomelea tayari ameshapima. Tunachanga tena. Na kifua cha bibi tunakichunga. Akianza kukohoa kama mwaka ule, au daktari akisema moshi basi, moto utazimwa, na hizo 65,250 tutazilipa sisi wajukuu, kadi ya malipo ikae kwetu ili asione hela inaungua. Hilo nalo liliandikwa kwenye kikao, na mjomba akasaini.

Niliuliza kwa nini bibi mwenyewe hakusema lolote kuhusu meko siku nzima ile, mpaka hesabu ya hita ilipofika. Akanijibu akiwa anafukua viazi vitamu kwenye majivu. "Mume wangu, nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize nataka nini. Mliniletea dirisha, mkaniletea dari, mkaniletea jiko. Vyote vizuri. Hamkuuliza."

"Haya bibi, unataka nini?"

"Nataka mje mkae. Moto wa mtu mmoja hauna joto."

WEWE WA CHUMBA KIMOJA

Najua kuna msomaji wa Dar anasema hayanihusu, mimi kwetu joto mwaka mzima. Subiri kwanza. Mvua imenyesha, umeingiza jiko la mkaa ndani ya chumba chako cha kupanga upike maharage, umefunga mlango mbu wasiingie. Au umeme umekatika, umewasha kijenereta koridoni, dirisha la mwenzako liko wazi pembeni. Yule abiria haangalii kama uko Madaba au Manzese. Na nyinyi wa Mbeya, Iringa, Njombe, Makete, Lushoto na Arusha mnajijua. Hata wenzetu wa Kenya, msimu wa baridi ukifika, habari za watu waliokutwa wamekufa chumbani na jiko pembeni hazikosi magazetini.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha moto wa kwenu, uliza maswali mawili tu. Hewa inaingia wapi? Moshi, unaouona na usiouona, unatokea wapi? Ukikosa jibu la moja, usiuwashe, hata kama umeununua jana na una risiti.

Ukiamka usiku na kichwa kinauma, na mwenzako naye kinamuuma, na jiko liko ndani, usitafute panadoli wala maziwa. Fungua mlango, tokeni nje wote, halafu mwende hospitali mkawaambie mlilala na jiko. Hilo neno la mwisho usilifiche kwa aibu. Ndilo litakalokuponya.

Haya, mimi nimemaliza. Kama unasoma ukurasa huu na kuna jiko la mkaa linawaka humo ndani, inuka sasa hivi ulitoe nje. Gazeti halikimbii, litakusubiri.